Mtungi, vali na regulata: kipi kinaifaa bunduki yako ya peintiboli?

Karibu bunduki zote za peintiboli, mchezo wa kupigana kwa risasi za rangi, zina soketi moja ya kupokea mtungi: hesi za nusu inchi, meno 14 kwa kila inchi. Wachezaji huiita ASA. Mtungi wa kaboni dayoksaidi unaingia pale. Mtungi wa hewa wenye regulata, kile kifaa cha kushusha presha, ya psi 850 (pauni kwa kila inchi ya mraba) unaingia. Ule wa psi 300 nao unaingia, tena kwa ulaini uleule. Mkono hauhisi tofauti, na hapo ndipo wengi tunapokosea: hesi zimekubali, basi tunaamini vitu vimeoana.

Nimetunza bunduki za kukodisha kwa miaka kadhaa, na kosa lililonifunza zaidi lilikuwa dogo. Mchezaji mmoja aliniletea Tippmann 98 iliyokuwa ikitema risasi tatu nne kwa kubonyezwa triga mara moja, kisha inanyamaza kabisa. Niliifungua mara tatu. Nikabadilisha oringi, zile pete za mpira za kuzuia hewa isivuje, nikasafisha nyundo, nikakagua springi. Haikuwa na ugonjwa wowote. Mtungi aliouazima kwa rafiki yake ulikuwa na regulata ya psi 300, iliyotengenezewa bunduki za kielektroniki. Tippmann ile inataka karibu psi 800 ili nyundo irudi nyuma vya kutosha na kukamatwa. Ikipata pungufu ya hapo nyundo hurudi nusu njia, haikamatwi, inarudi mbele na kupiga tena. Asubuhi nzima ilipotea kwa kuwa sikuuliza swali la kwanza: hapo chini kimefungwa nini?

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue mtungi gani, simjibu kabla ya kujua vitu viwili: hewa atajazia wapi, na bunduki yake inakula presha kiasi gani. Mtungi na regulata vinakaa katikati ya hivyo viwili. Anayeanza kwa kuchagua mtungi kwa sababu unang'aa dukani anajenga nyumba kwa kuanzia dirishani.

## Vigezo tutakavyotumia

Chanzo cha hewa. Kwa sisi wa Afrika Mashariki hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, na miongozo iliyoandikwa Marekani hukipita haraka kwa sababu kule kila uwanja una kompresa. Pwani yetu, kuanzia Watamu na Diani hadi Zanzibar na Mafia, kompresa za presha kubwa utazikuta kwenye vituo vya wapiga mbizi. Mitungi ya kupigia mbizi kwa kawaida hujazwa hadi bar 200, mingine 232. Mtungi wa peintiboli ulioandikwa psi 4500, yaani kama bar 310, ukijazwa pale utaishia 200. Umelipia theluthi nzima ya nafasi ambayo haitajaa kamwe.

Mahitaji ya bunduki. Kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ni bunduki za mitambo zisizo na regulata yao wenyewe, kama Tippmann 98 na Spyder nyingi za zamani. Hizi hupokea presha ya mtungi moja kwa moja na hutaka karibu psi 800. Ya pili ni zile zenye regulata ndogo ndani yake, nyingi zikiwa za betri, kama Ego na Geo za Planet Eclipse au DM za Dye. Kwenye EMEK ya Planet Eclipse hakuna betri hata moja, lakini kwa presha iko kundi hili. Ndani yake bunduki hizi hufanya kazi kwa presha ndogo sana, nyingi kati ya psi 130 na 200, baada ya regulata yao kuishusha.

Idadi ya risasi. Zidisha ujazo wa mtungi kwa lita na presha yake kwa bar, utapata lita za hewa ya kawaida iliyofungwa ndani. Ni hesabu ya kukadiria, kwani kwenye presha kubwa hewa huingia pungufu kidogo, lakini inatosha kulinganisha.

Uzito, tarehe za ukaguzi na pesa. Haya yanaeleweka yenyewe. Nitayataja kila inapofaa.

## Mitungi mitatu

### Kaboni dayoksaidi, mtungi wa vali ya pini

Huu ndio mzee wa familia. Mchezo wa kwanza wa peintiboli ulichezwa tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, na watu 12 waliobeba Nelspot 007, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutia alama za rangi kwenye miti na ng'ombe. Kilisukumwa na vichupa vya kaboni dayoksaidi vya gramu 12. Mitungi mikubwa iliyofuata hupimwa kwa uzito wa gesi: aunsi 9, 12, na 20, ambayo ni kama gramu 567.

*Chanzo.* Hapa inashinda kirahisi katika miji yetu. Gesi hii ndiyo inayotia mapovu kwenye soda na bia za mabomba, na mafundi wa kuchomelea huitumia pia. Mtungi mkubwa wa kuhamishia, adapta na mizani ya kupimia, basi. Lakini mizani si hiari. Mtungi hujazwa kwa uzito ulioandikwa, si zaidi, kwa sababu ndani gesi iko katika hali ya kimiminika na inahitaji nafasi ya kutanuka.

*Presha.* Hapa ndipo pana mambo. Mtungi huu hauna regulata. Presha yake inaamuliwa na joto. Kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, asubuhi ya kawaida ya Limuru mwezi wa saba, ndani mna kama bar 45, sawa na psi 650. Kwenye nyuzi 20 ni bar 57, psi 830. Kwenye nyuzi 30, mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, ni bar 72, zaidi ya psi 1,040. Bunduki ileile, mtungi uleule, na tofauti ni karibu psi 400 kwa kubadilisha mji tu. Uliyeirekebisha kasi yake kwenye baridi ya milimani, ukiishusha pwani bila kuipima upya, unaweza kuwa unapiga watu kwa kasi inayovuka kikomo cha futi 300 kwa sekunde ambacho viwanja vingi havikubali kipitwe.

Na joto likizidi nyuzi 31, gesi hii haina tena mpaka kati ya kimiminika na mvuke, na presha hupanda upesi kila joto linapoongezeka. Buti la gari lililoegeshwa juani Mombasa hufika huko kabla ya adhuhuri. Mtungi uliojazwa kupita kiasi ndani ya buti hilo utapasua kisahani chake cha usalama, na huo ndio mwisho mwema. Ndiyo kazi ya kisahani hicho.

Jambo jingine ni baridi. Ukipiga mfululizo, kimiminika huchemka haraka na mtungi unapoa hadi kutoa umande. Kasi inashuka risasi baada ya risasi. Kimiminika chenyewe kikipenya ndani ya bunduki hugandisha oringi na kuharibu solenoidi, ile vali inayoendeshwa kwa umeme. Kwa hiyo bunduki za betri ziondoe kabisa kwenye hesabu hii.

*Risasi, uzito, pesa.* Risasi ni nyingi kwa ukubwa wake, mtungi ni bei nafuu, uzito si mbaya.

*Unamfaa nani.* Mwenye bunduki ya mitambo, anayecheza taratibu, aliye mbali na kompresa, katika mji usio na joto kali. Nakuru, Arusha, watu wa huko wataelewana nao vizuri kuliko watu wa Malindi.

### Alumini, psi 3000

Ukubwa unaopatikana zaidi ni inchi za ujazo 48, ambao Ulaya huuita lita 0.8 ya bar 200.

*Chanzo.* Hii ndiyo sababu naupenda kwa mazingira yetu. Bar 200 ya kituo cha wapiga mbizi inaujaza hadi juu. Hakuna kilichopotea.

Ila ujue hesabu ya kujazia kutoka mtungi wa kupigia mbizi, maana wengi huilaumu adapta bure. Mtungi wa lita 11 ulio na bar 200, ukiunganishwa na wako mtupu wa lita 0.8, hewa husawazika hadi bar 186. Wa pili atapata 174. Wa tatu 162. Watu sita wakija na mtungi mmoja wa kupigia mbizi, wa sita hana raha. Anza na walio watupu zaidi au kodi mitungi miwili: utumie wenye presha ndogo kwanza, kisha umalizie kwa uliojaa.

*Presha.* Hewa haibadiliki na joto kama gesi ya kaboni. Inabadilika kidogo, na regulata inaifunika tofauti hiyo. Risasi ya kwanza na ya mia mbili huondoka kwa kasi inayokaribiana sana.

*Risasi.* Lita 0.8 mara bar 200 ni lita 160 za hewa. Kwa bunduki ya mitambo tegemea risasi mia nne hadi mia tano. Yaani mzunguko mmoja wa asubuhi, si siku nzima.

*Uzito.* Hapa unachoka. Kama kilo moja na nusu pamoja na regulata yake, na unaning'inia nyuma ya mkono. Mtoto wa miaka kumi na miwili ataulalamikia, na ana haki.

*Ukaguzi na pesa.* Chini ya sheria za Marekani hupimwa kwa maji ya presha kila miaka 5, na ukipita kipimo unaendelea, hauna umri wa kufa uliopangwa. Kati ya mitungi ya hewa ndio wa bei ya chini.

*Unamfaa nani.* Viwanja vya kukodisha, wanaoanza, na kila mtu ambaye chanzo chake kinaishia bar 200. Kuna kadogo ka inchi 13 pia, lita 0.21 tu, kanawapendeza wenye bunduki za pampu na wanaotaka mzigo mwepesi. Kwa wengine ni safari za kila saa kwenda kujaza.

### Nyuzi za kaboni, psi 4500

Ndani kuna ganda jembamba la alumini, nje nyuzi za kaboni zimezungushwa na kugandishwa kwa gundi ngumu. Inchi 68, yaani lita 1.1, ndio unaonunuliwa zaidi, 77 unaufuata.

*Chanzo.* Unahitaji kompresa inayofika bar 300. Ukiwa nayo, lita 1.1 mara 300 ni lita 330, maradufu ya ule wa alumini. Ukiwa na bar 200 tu, unapata lita 220. Bado umezidi alumini kwa lita 60, lakini umelipa mara mbili au tatu ya bei kwa ajili ya lita hizo sitini. Kabla hujaagiza, mpigie simu anayekujazia umuulize kompresa yake inaishia wapi. Simu hiyo imewaokolea watu pesa nyingi.

*Presha.* Sawa na alumini; regulata ndiyo inayoamua.

*Risasi.* Ukijaa kweli, takriban elfu moja.

*Uzito.* Kama kilo moja na kidogo. Kubeba hewa maradufu kwa uzito pungufu ni starehe ambayo mwenye bega bovu ataithamini kuliko mtu yeyote.

*Ukaguzi na pesa.* Hapa kuna tarehe mbili, na ya pili husahaulika. Chini ya sheria za Marekani mitungi hii mingi hupimwa kila miaka 5, na umri wake wote ni miaka 15 tangu kutengenezwa. Baada ya hapo haijalishi inaonekana mpya kiasi gani. Anayekuuzia mtungi wa kaboni wa miaka 13 anakuuzia misimu miwili ya kucheza, na bei iendane na hilo. Kagua pia mwili wake: mkwaruzo uliokata nyuzi ni sababu ya kuukataa. Mfuniko wa mpira unaouzwa kando si urembo.

*Unamfaa nani.* Anayecheza mara kwa mara, mwenye kompresa ya bar 300 jirani, hasa ndugu zetu walio Ulaya, Marekani na Kanada ambako viwanja vina mashine hizo.

## Regulata: 850, 450 au 300

Regulata iliyo shingoni mwa mtungi inashusha presha ya ndani, iwe 3000 au 4500, hadi namba moja ya kutoka. Namba hiyo ndiyo iliyonipotezea asubuhi yangu.

Presha ya kutoka ya psi 800 hadi 850. Iliwekwa karibu na presha ya kaboni dayoksaidi kwa makusudi, ili bunduki za zamani zisione tofauti. Inazifaa zote za mitambo zisizo na regulata ndani. Automag RT ya Airgun Designs nayo iko hapa, kwani vali yake hutaka presha kubwa ya kuingia. Zile za kielektroniki nyingi zitaivumilia pia, kwa kuwa zina regulata yao ya kuishusha, lakini hiyo regulata ndogo inafanya kazi ngumu zaidi na oringi zake huchoka mapema. Soma kitabu cha bunduki uone kikomo cha kuingia.

Presha ya kutoka ya psi 450. Ya katikati. Bunduki yenye regulata ndani inaipenda: hatua ya kushusha imekuwa fupi, kasi inatulia. Tippmann haitaitaka.

Presha ya kutoka ya psi 300. Laini zaidi kwa bunduki za presha ndogo. Sharti ni moja: namba ya kutoka lazima ikae juu ya ile ambayo regulata ya bunduki imewekewa, kwa nafasi ya kutosha. Ukipiga kwa haraka sana, na njia ya hewa ni nyembamba, risasi za mwisho za mfululizo zitaangukia karibu. Ukiona hivyo, panda hadi 450 kabla ya kuifungua bunduki.

Kuna imani moja naomba tuiache. Husemwa kwamba regulata ya presha ndogo inaokoa hewa, kwamba ukiwa na ya 850 basi hewa yote iliyo chini ya 850 inabaki bila kazi. Sivyo. Mtungi ukishuka chini ya namba ya regulata, regulata hukaa wazi na kupitisha chochote kilichobaki. Kinachoamua kama hicho kilichobaki kinatumika ni bunduki. Inayotaka 800 itaanza kulegea mtungi ukifika bar 55 hivi, na hapo zaidi ya robo ya hewa ya mtungi wako wa alumini inarudi nayo nyumbani. Inayotaka 150 itaendelea karibu hadi mwisho. Kwa hiyo mwenye mtungi mdogo na chanzo dhaifu hufaidika kwa kubadilisha bunduki kuliko kubadilisha regulata.

Regulata nyingine, za kampuni ya Ninja zikiwemo, hubadilishwa namba ya kutoka kwa kuongeza au kupunguza washa nyembamba na springi ndani. Hilo linamfaa mwenye bunduki mbili za familia tofauti. Mtungi uwe mtupu kabisa kabla hujagusa kitu. Na ukishafanya, andika namba mpya kwenye mtungi kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu atakayeuazima hataiona kwa macho.

Dalili ya regulata mbovu ni ipi? Acha bunduki itulie dakika mbili, kisha piga mbele ya kipima kasi. Risasi ya kwanza ikiruka juu sana kuliko zinazofuata, kiti cha vali ndani ya regulata kimechakaa na presha inapenya polepole. Bunduki hiyo isiingie uwanjani hadi itengenezwe. Risasi hiyo moja ya kwanza ndiyo inayomkuta mtu usoni wakati barakoa imelegea.

## Vali ya upande wa bunduki

Regulata nyingi na mitungi ya kaboni dayoksaidi huwa na pini mdomoni. Ukiukaza mtungi kwenye soketi, pini inasukumwa ndani na hewa inapita. Njia za kuisukuma ni tatu.

Soketi ya kawaida haina chochote cha kuharibika, na ni nafuu. Tatizo lake ni wakati wa kufungua: hewa iliyobaki ndani ya bunduki inasukuma oringi ya mtungi, namba 015, mpaka inakatika. Piga risasi hewa mahali salama wakati unaanza kuufungua mtungi, na beba oringi za akiba mfukoni, ziwe za poliurithani ngumu.

Soketi yenye kitasa cha kufungulia huingiza mtungi bila hewa, kisha kitasa kinaisukuma pini. Ukikirudisha, hewa ya ndani hutolewa na mtungi unafunguka kwa vidole viwili. Oringi hudumu. Mwenye mitungi ya kuazimisha kila wikendi atarudisha gharama yake haraka.

Bomba la kuunganisha mtungi uliobebwa mgongoni linaondoa uzito mkononi. Kwa kaboni dayoksaidi lina faida ya ziada, kwani huupa ule umajimaji nafasi ya kugeuka mvuke kabla ya kufika. Kwa mwenye mtungi wa nyuzi za kaboni silioni umuhimu wake.

## Visivyochanganywa kamwe

Kwenye regulata kuna visahani viwili vya usalama, na hivi ndivyo vinavyokuokoa. Cha upande wa mtungi kwenye regulata ya psi 3000 hupasuka kwenye 5000. Kwenye ile ya 4500 hupasuka kwenye 7500. Cha upande wa kutokea hupasuka kwenye 1800. Sasa chukua regulata ya 4500 uifunge kwenye mtungi wa alumini wa 3000. Hesi zimekubali. Lakini kisahani kitasubiri hadi 7500 kabla ya kukutetea, na alumini ile haikutengenezwa kufika huko. Usifanye hivyo, na usikubali kuuziwa seti iliyofanywa hivyo.

Nipeli ya kujazia nayo ni ileile kwenye mitungi yote miwili. Kwenye kompresa ya bar 300, hakuna kitu kitakachokataa mtungi wako wa 200 isipokuwa macho ya anayejaza. Soma lebo, jaza polepole. Ukijaza kwa pupa mtungi unapata joto, geji inaonyesha umejaa, na ukipoa unagundua sivyo.

Shingo za mitungi zina hesi mbili: za Kimarekani ni 5/8 inchi kwa meno 18, za Ulaya mara nyingi ni M18 kwa 1.5. Regulata iliyotoka Texas haitaoana na mtungi uliotoka Ujerumani. Ikicheza, acha.

Usitie oili wala grisi ya kawaida kwenye nipeli ya kujazia. Anayejua injini ya dizeli anajua sababu: hewa ikigandamizwa ghafla inapata joto la kuwasha mafuta bila cheche. Ndani ya regulata, huo ni mlipuko.

Na la mwisho katika haya, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye vali au regulata hadi kwenye mtungi. Wakati wa kufungua, mstari ubaki umenyooka. Ukiona umevunjika, unachofungua si mtungi kutoka kwenye bunduki bali vali kutoka kwenye mtungi. Simama hapohapo. Watu wamekufa kwa hilo huko Marekani, mmoja wao akiwa mtazamaji tu.

## Kulingana na hali yako

Una Tippmann au bunduki yoyote ya mitambo isiyo na regulata, na uko karibu na kituo cha wapiga mbizi: alumini 48, regulata ya 850, soketi yenye kitasa kama mfuko unaruhusu.

Una bunduki hiyohiyo lakini uko bara, hakuna kompresa ndani ya mwendo wa saa mbili: kaboni dayoksaidi, pamoja na mizani ya kweli na kipima kasi utakachokitumia kila asubuhi na tena mchana jua likipanda. Kama unacheza mara tatu kwa mwaka, hakuna sababu ya kuionea aibu.

Una bunduki ya betri, au EMEK: hewa pekee. Regulata ya 450 ndiyo salama kwa wengi. Ya 300 kama kitabu chako kinaikubali. Mtungi wa alumini utakutosha ukiwa na chanzo cha bar 200, kwa sababu bunduki yako inaukamua karibu hadi mwisho. Chanzo kikiwa cha 300, hapo nyuzi za kaboni zinastahili pesa yake.

Unafungua uwanja wa kukodisha: nunua mitungi yote ya presha moja na regulata zote za namba moja. Ninasema hivi nikiwa nimeona viwanja vilivyofanya hivyo na visivyofanya. Uwanja wenye mitungi ya 3000 na ya 4500 kwenye rafu moja unamtegemea kijana aliyechoka saa kumi jioni asome lebo ndogo.

Ndugu yako anarudi kutoka Minneapolis, London au Muscat na ameahidi kukuletea mtungi: mwambie asome kanuni za shirika lake la ndege kabla ya kufunga begi. Kwenye usalama wa viwanja vya Marekani mtungi hukubaliwa ukiwa mtupu, regulata imetolewa kabisa, shingo wazi ili mkaguzi aone ndani. Regulata hiyo aitoe fundi kule kule, isirudishwe kwa mkono wa kubahatisha sebuleni kwako. Na kabla hajalipa, akutumie picha mbili: lebo yenye tarehe na presha, na hesi za shingo.

Na wewe unayesoma huku umeshikilia mtungi ulionunua kwa mtu, usiojua namba ya regulata yake: upeleke kwa mwenye geji ya kupimia presha ya kutoka kabla ya kuufunga popote. Kipimo chenyewe ni cha dakika moja.